Wiki Ambayo Sikubanduka

Jumamosi, 2 Agosti

Mshauri wa ndoa amesema niandike kila siku. Hisia, si matukio. Mke wangu ameapa hatasoma, na yeye akiapa ameapa. Kwa hiyo hapa nipo mimi na daftari la hesabu la mtoto la mwaka jana, nusu yake bado nyeupe.

Hisia za leo: kiuno kinauma. Safari ya saa saba. Mke wangu kaendesha, mama mkwe kakaa mbele kwa sababu nyuma anatapika, mimi nimebanwa kati ya begi la mataulo na binti yetu. Binti tunamwita Wakili. Ana miaka kumi na nyumbani kwetu hakuna uamuzi ambao hajaukatia rufaa. Leo kakata rufaa kuhusu dirisha, kuhusu biskuti, na kuhusu nani alalie bega la nani. Ameshinda zote tatu.

Basi niandike ukweli, maana hasomi mtu. Mwaka jana likizoni nilisema nakwenda kuchukua barafu. Nilirudi baada ya saa moja na nusu, shati limechanika, na mtu niliyetumwa kumuua ndiye aliyekuwa ananikimbiza mimi. Tukashikana kwenye meza ya chai, mbele ya wageni wote. Nilimpiga na trei ya mayai, akatoroka. Nilipogeuka, Wakili alikuwa amesimama na mrija wa juisi mdomoni, hajauachia.

Mama mkwe aliambiwa yule alikuwa mlevi. Mke wangu aliambiwa kweli yote. Miaka kumi na miwili aliamini nauza vizima-moto.

Niliacha kazi wiki ile ile. Nilimwandikia Mkuu wa ofisi yetu barua ya mistari miwili. Hakujibu, nami nikadhani amekubali.

Masharti ya mke wangu ni mawili. Nisitoweke zaidi ya dakika kumi bila maelezo, na mkono wangu usimguse mtu tena, hata kwa kofi. Nikivunja moja, anamchukua mtoto na kwenda zake. Likizo hii ndiyo mtihani. Nimekubali yote. Nampenda. Haya mshauri, hiyo ni hisia.

Jumapili, 3 Agosti

Hoteli ipo kwenye mteremko, chini kuna ziwa, nyuma kuna kilima chenye maporomoko ya maji. Vyumba vyetu viwili viko chini, vina mlango katikati. Bwawa la kuogelea, meza ya mpira wa meza yenye mguu mmoja uliofungwa kamba, bustani. Wageni wengi ni wastaafu na maharusi. Pazuri. Niliamka nimefurahi kabisa.

Kisha chai ya asubuhi.

Niliingia ukumbini nikaenda moja kwa moja kwenye kiti cha kona. Ukuta mgongoni, mlango wa jikoni kushoto, mlango mkubwa mbele. Sikufikiri, miguu ndiyo iliyonipeleka. Nikashika kiti. Na mkono mwingine ukakishika, mkono wenye kitambaa cha kumfutia mtoto mate.

Mpole.

Kazi nilimfundisha mimi, miaka minne, mpaka namna ya kuchagua kiti. Ofisini tulimwita Mpole kwa sababu hata akikanyagwa huomba radhi yeye. Kwenye kifua amefunga mtoto wa kama miezi saba, pembeni yupo mkewe, mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Sikujua kama ameoa.

"Samahani kaka, kaa tu," akasema. Nikamwambia hapana, ana mtoto, akae yeye. Akasema hapana, mimi mkubwa. Tukawa tumekishika wote wawili kama watu wanaogombea mnada. Mama mkwe akaona tunazuia njia, akakaa yeye.

Chai sikuionja. Mpole haendi likizo, Mpole hutumwa. Na hapa, ukiondoa wastaafu na maharusi, nimebaki mimi. Ofisini hatusemi kuua, tunasema jina limetoka. Jina langu limetoka.

Kuna sheria moja tu ofisini ambayo Mkuu hakuitunga. Niliitunga mimi, kwa sababu ya jambo nililolifanya siku za mwanzo na ambalo sitaliandika hata humu. Hakuna kazi mbele ya mke, mtoto au mzazi. Ukimkuta na watu wake, unasubiri. Mpole nilimfundisha hiyo kabla ya kumfundisha kitu kingine chochote. Sheria ina sehemu ya pili: anayemjua mfanyaji si familia tena, ni shahidi. Shahidi hana kinga.

Ndiyo maana simwambii mke wangu. Siku nitakayomwonyesha Mpole, nimemtoa kwenye usalama kwa kidole changu mwenyewe.

Lakini nikiwa nao siguswi. Basi, sibanduki.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimewaganda kama kupe.

Mke wangu kaenda saluni ya hoteli kuosha nywele. Nikaenda naye. Nimekaa kwenye benchi nikisoma gazeti la mitindo la miaka mitatu iliyopita. Dakika tano hazijaisha akaingia mke wa Mpole, na Mpole nyuma yake, mtoto kifuani. Ana woga ule ule nilio nao mimi. Anajua nikimpata peke yake sitasubiri anianze. Akakaa ncha ya pili ya benchi, akachukua gazeti la pili. Msusi akatuuliza na sisi tunasuka?

Mama mkwe alikuwa pale pale chini ya mashine ya kukaushia. Akamwambia msusi kwa sauti ya mtu mwenye mashine masikioni kwamba wanaume wa siku hizi wamekuwa kama kuku wa kufugwa ndani, ila ni afadhali hawa kuliko wale wa zamani.

Mchana tena, balaa lake. Mama mkwe bado anaamini mimi ni mtu wa vizima-moto, na amekwenda kumsimulia meneja. Meneja, mama mmoja mwenye wasiwasi na funguo nyingi, akaja kuniomba kwa heshima zote nimkagulie vya hoteli. Vipo kumi na saba, kuanzia jikoni mpaka stoo ya mashuka. Kuvizungukia peke yangu? Thubutu. Nikamwomba mke wangu anisindikize.

Tumezunguka mkono kwa mkono. Mimi nasoma tarehe, yeye anaandika. Kwenye ngazi za nyuma alishindwa, akakaa chini akacheka mpaka machozi. "Miaka kumi na miwili nasikia habari za vizima-moto," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza kukuona umeshika kimoja."

Vitatu vimepitwa na muda. Nimemwambia meneja avibadilishe. Nadhani hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya halali.

Jumanne, 5 Agosti

Tumekuwa kitu kimoja na familia ya Mpole. Sikupanga, hakupanga. Mama mkwe alimsikia mtoto analia wakati wa chakula cha mchana, akanyoosha mikono, akapewa, mtoto akanyamaza papo hapo. Kuanzia hapo meza zikaunganishwa. Mke wa Mpole amelala kwa saa tatu nzima mchana huu, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, anasema. Ameamka akambusu mama mkwe mkono.

Mpole na mimi tumecheza mpira wa meza, wake zetu wakitazama. Kanifunga. Akaniomba radhi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo sijui niandike vipi.

Baada ya chai mke wangu aliniita barazani. Wakili na bibi yake walikuwa ndani wanacheza karata na kutuhumiana wizi. Akafungua pochi akatoa bahasha. Akasema, "Baba Wakili, hii nilikuja nayo." Barua ya wakili, yule wa kweli, wa mahakamani. Ya kuachana. Ilikuwa imeshaandikwa yote, bado saini ya mke wangu tu. Alikuwa ameiweka tangu mwezi wa tano.

Akaichana. Vipande akavitia kwenye kikapu cha taka, juu ya maganda ya ndizi.

Akasema hakuamini kama ningeweza. Miaka yote nilikuwa nakaa naye mwili upo, roho haipo, sikio moja mlangoni. Sasa siku nne sijamwacha hata akienda kuosha nywele. Akasema jana alijificha maliwatoni robo saa kunijaribu, akatoka akanikuta nimesimama nje na pochi yake mkononi. Akasema hapo ndipo alipoamua.

Nilisimama pale nje kwa sababu Mpole alikuwa mwisho wa korido.

Akanikumbatia.

Naona aibu. Nimewavaa kama fulana ya kuzuia risasi, na wao wanadhani nimewakumbatia. Kila nilipomshika mtoto mkono wiki hii, nilikuwa nimejikinga naye. Hata mama mkwe, mwanamke wa miaka sabini na moja, jana nilimsogeza kidogo ili akae kati yangu na dirisha. Aliniambia asante, alidhani nampisha kwenye upepo.

Mimi ndiye niliyetunga sheria ya kuwalinda watu kama hawa. Sasa nimejificha nyuma yao. Nilimwomba mke wangu samahani, akauliza ya nini, nikasema ya yote.

Alhamisi, 7 Agosti

Wakili ameogelea! Bwawa zima, upande hadi upande, bila kushika ukingo. Wiki nzima nimemfundisha, mkono wangu chini ya tumbo lake, na kila siku kanieleza kwa hoja kwa nini mwili wa binadamu hauwezi kuelea. Leo katikati ya hoja nikautoa mkono. Akaendelea kupiga maji na kusema, mpaka akagundua anasema peke yake.

Tulikuwa majini saa mbili. Ngozi za vidole zimekunjamana. Nilipotoka ndipo nilipokumbuka kwamba kuna Mpole duniani. Saa mbili nzima sikutazama mlango hata mara moja. Haijawahi kunitokea tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu.

Kwa hiyo inawezekana. Ningeweza kuwa nao hivi bila woga wowote kunisukuma. Najua sasa, na ninaumia kuliko nilivyoumia jana.

Ijumaa, 8 Agosti. Mchana

Mpole amesema.

Bwawani, saa nne. Alikaa ukingoni akamchovya mtoto miguu. Mimi nilikuwa hatua tatu, miguu majini vilevile. Wakili akienda na kurudi mbele yetu. Wake zetu kwenye viti, mama mkwe chini ya mwavuli.

"Mwalimu," akasema, macho kwa mtoto, "nimepewa mpaka kesho jioni."

Nikamuuliza na ikipita kesho.

"Jina linahamia kwa Kisogo."

Namjua Kisogo. Jina alipewa kwa sababu waliowahi kumwona waliona kisogo tu, anaondoka. Niliwahi kutumwa kwenye nyumba aliyopita yeye, kurekebisha mambo. Mezani kulikuwa na sahani nne, moja ndogo ya plastiki. Kisogo hana habari na sheria yangu wala ya mtu yeyote.

Nilimuuliza Mpole kwa nini basi aliikubali kazi. Akasema angekataa angetumwa Kisogo siku hiyo hiyo, nyumbani kwangu, sote tupo mezani. Nikamuuliza kwa nini ameleta mke na mtoto.

"Nimewaleta ili nisiweze," akasema. "Kila asubuhi najiambia leo haifai, yuko na mkewe. Leo haifai, mtoto wangu ana homa. Nimemaliza visingizio, Mwalimu. Nilidhani wewe utapata njia. Siku zote ulikuwa unapata."

Sauti yake ilikatika. Akajifanya anamfuta mtoto. Akasema akifanya yeye, faili linafungwa. Ataandika nimeteleza mahali. Hakuna atakayeigusa nyumba yangu, amemwomba Mkuu hilo na amepewa neno. Neno la Mkuu kwenye mambo hayo ni neno, lazima niseme.

Wakili akaibuka katikati yetu, maji yanamtoka puani. Akauliza tunaongea nini. Mpole akasema mambo ya kazi.

"Baba ameacha kazi," Wakili akasema.

"Najua, mama," Mpole akamjibu.

Nimekaa hapa bafuni tangu tupande kutoka bwawani, wao wanabadili nguo, nawasikia. Nimegeuza kila upande. Kukimbia? Niliwatafuta waliokimbia, ilikuwa kazi yangu miaka sita, na niliwapata wote. Kuidanganya ofisi kwamba nimekufa? Nilishamsaidia mtu mmoja hivyo. Miezi mitatu baadaye Mkuu aliletewa picha yake ananunua nyanya. Kumwahi Mpole? Nitakuwa nimevunja sharti la mke wangu, yule dada atabaki na mtoto wa miezi saba na bili ya hoteli, na Kisogo atakuja tu. Kumwambia mke wangu? Nimeshalijibu hilo.

Wiki nzima nilidhani wao ndio ngao yangu. Kumbe tangu Jumapili kila siku niliyokaa nyuma yao niliwasogeza karibu na Kisogo siku moja.

Naogopa. Niliwaona wengi wakiogopa, sikuwahi kuuliza wanajisikiaje. Ni hamu ya kwenda haja ndogo kila dakika. Basi.

Ijumaa, jioni

Tumekula mapema. Supu, viazi, kuku. Meza zimeunganishwa kama kawaida. Kabla ya matunda mke wangu aligonga glasi na kijiko, akasimama. Uso unameremeta. Nikajua kuna jambo.

Akasema wao wanawake wamekaa wakashauriana. Kwamba wanaume hawa wawili wamehudumia familia wiki nzima bila hata saa moja ya kupumua, jambo ambalo yeye kwa upande wake hakulitegemea (mama mkwe akasema amina). Kwamba kesho ni siku ya mwisho. Kwa hiyo wametupa zawadi: asubuhi twende wawili, peke yetu, tupande kilima mpaka kwenye maporomoko, tukae huko kiume, tupige soga, turudi chakula cha mchana. Meneja ameshachora ramani. Mke wa Mpole akapiga makofi kidogo, mtoto usingizini mapajani.

Mpole hakuipanga. Nilikuwa namtazama. Aliweka kijiko chini, akamtazama mkewe kwanza, kisha mimi.

Nilisema kiuno kinaniuma. Mama mkwe akasema kilima ndicho dawa ya kiuno. Nilisema ni heri twende sote. Wakili akaunga mkono hoja, akakatazwa. Nilisema, na hapa nilisema kweli tupu, kwamba sitaki kuachana nao hata asubuhi moja.

Mke wangu akaja nyuma ya kiti changu akanishika mashavu mbele ya watu wote. "Zile dakika kumi zimefutwa," akaniambia sikioni. "Nenda. Hata ukichelewa sitauliza."

Yeye ndiye aliyeipanga safari. Ameniruhusu, amenibembeleza. Nikiteleza huko juu, kama Mpole atakavyoandika, atajiuliza maisha yake yote kwa nini alinibembeleza. Nimefikiria niondoke kabla, kwa njia yangu, ili isiwe zawadi yake. Lakini nikiondoka hivyo ataamini nimerudi kazini. Ataamini wiki yote hii ilikuwa uongo, na ataona aliichana barua bure.

Ajilaumu, au anilaani? Nimelipima tangu tulipotoka mezani na mizani hailali upande wowote.

Mlango wa katikati uko wazi. Wako kitandani wote watatu wanamalizia karata, Wakili anadai bibi amekalia karata moja. Wananiita nikaamue. Nakwenda.

Jumamosi, 9 Agosti. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Nipo bafuni. Nimenyoa ndevu. Nimevaa shati jeupe, kisha nikalivua, nikavaa la bluu, kwa sababu jeupe alinishonea mke wangu.

Usiku niliamua, kama ni kuamua. Nitakwenda. Sibebi kitu chochote, hata kisu cha matunda. Sijui nikifika huko juu mikono yangu itafanya nini yenyewe, ina mazoea yake. Nimeiambia itulie.

Mke wangu ameamka kabla yangu akaenda kuomba jikoni mayai na mkate. Amefunga vifurushi viwili kwenye karatasi, cha kwangu na cha Mpole. Cha Mpole ameongeza yai, anasema yule kijana amekonda kwa kukosa usingizi. Ameniwekea na kofia. Amenivuta kola ikae sawa, akanipulizia vumbi ambalo halikuwepo begani. Nilimtazama sana mpaka akasema nini? Nikasema hakuna. Nikasema asante kwa wiki hii. Akasema tuna nyingine nyingi.

Nikaingia hapa ili asinione.

Mpole yuko kwenye maegesho, gari la kutufikisha chini ya kilima linanguruma. Namwona kwa dirisha hili dogo. Amekaa mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama mbele. Kiti cha mtoto amekitoa nyuma, amekiweka kwenye nyasi.

Saa moja kasoro kumi

Wakili.

Aligonga hapa bafuni. Nikafungua kidogo. Alikuwa tayari: viatu vya kamba, kofia, chupa ya maji shingoni. Akasema anakwenda na sisi. Ameshazungumza na mama, mama amesema kama baba atakubali ni sawa. Kwa hiyo limebaki neno langu tu.

Neno langu tu. Akija yeye, Mpole atapanda kilima, atashuka, atakula yai lake, na leo itapita; kesho ni ya Kisogo. Sikuwa na haja ya kusema hata sentensi. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu, mkono wake ulikuwa pale pale, umeshika fremu ya mlango, kucha zina rangi ya bibi yake.

Nikasema hapana. Akauliza sababu. Nikasema mbali. Akasema meneja amesema ni mwendo wa saa moja na nusu, na juzi ameogelea zaidi ya hapo. Nikasema ni safari ya wanaume. Akasema hiyo si sababu, ni ubaguzi. Nikaona nikiendelea kujibizana naye atanishinda. Atanifuata mpaka kwenye gari, kama kawaida yake, na pale kwenye gari nitasema haya, panda.

Basi nikamkaripia. Sijawahi kumpandishia sauti tangu azaliwe. Nikamwambia nimechoka naye. Nikamwambia wiki nzima ameniganda, maneno, maneno, na nataka nusu siku moja tu bila kusikia sauti yake. Nikafunga mlango na komeo.

Mimi ndiye niliyemganda.

Nilitegemea akimbilie kwa bibi yake. Hasira zake huwa ni za kukimbia na kubamiza milango. Nilisubiri mlango ubamizwe niupate mwanya wa kutoka. Haukubamizwa. Badala yake nikasikia kitu kinateleza chini taratibu kwenye ubao. Amekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Namsikia anapumua kwa mdomo, pua imeziba.

Mama yake amekuja. Amemuuliza kuna nini, hakujibiwa. Ameniuliza mimi, nikasema natoka sasa hivi. Akasema, kwa sauti ile ya mwaka jana, nitoke nimwombe mtoto msamaha kabla sijakwenda popote. Amerudi chumbani. Sasa ananifikiria vibaya, na bado nafikiri ni afadhali.

"Sikuamini," Wakili amesema nyuma ya mlango. Polepole, si kwa kubishana. "Ungekuwa umechoka na mimi ungesema jana."

Naendelea kuandika.

Gari limepiga honi mara moja, kwa adabu. Mlango huu unafunguka kwa nje, na yeye ameuegemea kwa uzito wake wote. Kusukuma naweza, ni kilo thelathini tu.

Nimemwambia asogee. Hasogei.